Ufito wa Gramu Tisini

Jumamosi, 1 Juni

Leo kaka yangu amenistaafisha bila kuniuliza.

Tulikuwa kwenye banda la chama, kando ya bwawa, wanachama kumi na mmoja na birika la chai, mkutano wa kupanga msimu. Kaka ndiye Mwenyekiti, na akishika karatasi anasahau kwamba tumelelewa nyumba moja. Akakohoa, akasema kwamba kwa kutambua miaka ishirini na miwili niliyovua samaki aina ya besi na chama hiki, na kwa kuzingatia hali ya mikono yangu, uongozi unapendekeza niwe mwanachama wa heshima. Watu wakapiga makofi. Cheti kilikuwa tayari ndani ya fremu, jina langu kwa wino wa dhahabu.

Mwanachama wa heshima hapandi mashua. Anakaa bandani na daftari, anaandika besi wa wenzake na uzito wao, anahakikisha chai haipoi.

Ni kweli baridi yabisi imeingia kwenye vidole na vifundo vya mikono yangu, mwaka wa pili huu. Asubuhi mimi naamka saa kumi na mbili, vidole vinaamka saa mbili. Najua. Sihitaji fremu ya kuniambia. Nikasimama nikasema, "Kaka, heshima nimeipokea. Hicho cheti kirudishe kwa aliyekitengeneza."

"Mdogo wangu, hatukufukuzi. Tunakupumzisha."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Watu wakaangalia vikombe vyao. Kaka akafungua kanuni za chama, akasoma ile ya tisa: mwanachama asiyepima besi wa kilo moja kamili ndani ya msimu anapoteza nafasi yake ya mashua. Ipo siku zote, ila haijawahi kumkumba mtu. "Basi kanuni itaamua," akasema. Msimu unaanza Jumamosi ijayo, unafungwa tarehe 27 Julai. Jumamosi nane. Nikamjibu tutaonana mizanini.

Nimerudi nyumbani na hasira zangu. Nimenunua daftari hili njiani. Kama ni kuandika samaki, nitaandika wangu.

Jumapili, 2 Juni

Nimetoka uani na ufito wangu wa siku zote, ule mnene, na rili yake ya chuma, nikajaribu kurusha. Mara ya kwanza sawa. Ya tatu nikaona nyota. Ya tano ufito ukaniponyoka, ukaangukia kamba ya nguo.

Mume wangu amefundisha hesabu maisha yake yote na kustaafu hakujamtibu. Hakunipa pole. Alichukua mizani ya jikoni, akaweka ufito, rili na chambo juu yake. "Gramu mia sita na arobaini. Kwa siku unarusha mara ngapi?"

"Mia tatu hivi."

"Hiyo ni karibu kilo mia mbili. Mama, unabeba magunia mawili ya unga kwa kifundo kigonjwa, halafu unalaumu kifundo."

Nilitaka kumkasirikia nikakosa pa kuanzia.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa Fundi Rili, mwenye duka la vifaa vya uvuvi, anayetengeneza rili za nusu ya mji huu (rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ndiyo imempa jina). Nikamwambia nataka kitu chepesi kuliko vyote dukani.

"Hutaki," akasema.

"Nimekwambia nataka."

"Chepesi kuliko vyote ni hiki." Akanipa ufito kama unywele, umefungwa rili nzito ya zamani. "Shika." Nikashika. Ncha iko juu, rili inavuta chini, kifundo kikaanza kulalamika palepale. "Umeona? Wepesi usiokaa sawa ni mzigo."

Hapo nikamwelewa, maana mimi ni mshonaji na hii ni habari ya mikasi. Mkasi mzuri wa kukatia nguo hauulizi uzito wake mezani, unauliza unalala vipi mkononi. Nikamwambia alete fito zote, nikawa nazilaza kidole kimoja tu mbele ya rili, macho nimefumba. Wateja wawili wakasimama kunitazama. Watazame.

Mwisho nimechagua ufito wa gramu tisini, futi sita na nusu, ulioandikiwa chambo cha gramu tatu hadi kumi. Kwenye rili nilitaka ile ndogo kabisa. Fundi akanionyesha kwamba ndogo inakunja mshipi kidogo kwa kila mzunguko, kwa hiyo ningezungusha mara nyingi zaidi, na kuzungusha ndiko kunakouma. Nikachukua ya ukubwa wa pili, gramu mia mbili na kumi, mkono wa kuzungushia nikauhamishia kushoto, upande wenye nafuu. Mshipi mwembamba wa kuhimili ratili sita. "Na breki ya rili uilegeze," akasema. "Samaki akitaka kwenda, mwache aende. Atachoka yeye, si wewe."

Chambo ndicho kilichoniuma. Wale samaki wangu wa plastiki wa gramu ishirini, wenye rangi kama sare za bendi, wote watabaki nyumbani. Nimechukua minyoo ya mpira myembamba, ndoana zenye kichwa cha risasi cha gramu tatu, na visamaki viwili vya gramu tano. Vyote vinaingia kwenye kopo la vifungo.

Mume wangu ameviweka mizanini. Mia tatu na tano. Amenipigia saluti.

Alhamisi, 6 Juni

Magauni matatu ya shule, zipu moja. Vidole kimya. Sijui vinapanga nini.

Jumamosi, 8 Juni

Ufunguzi. Walicheka mpaka mashua zikayumba. Mkwe wa kaka, kijana mrefu mwembamba tunayemwita Msumari, akaushika ufito wangu kwa vidole viwili. "Shangazi, huu ni wa kuvulia au wa kuchokolea meno?"

"Nipe kabla hujauvunja kwa maneno."

Mwenzangu wa mashua ni muoka mikate, mtu asiyeongea kabla ya saa nne, nami nampendea hilo. Kutwa nzima nimerusha, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi mkono haukulia. Samaki: sifuri.

Kaka, aliyekuwa mashua moja na Msumari kule mwisho wa bwawa, amepima besi wa kilo moja na gramu mia tatu. Akanipa kalamu nimwandikie. Nikamwambia kalamu yangu ina kazi kwingine.

Jumatatu, 10 Juni

Kosa la kwanza nimeligundua. Mkono haukulia Jumamosi, umelia jana na leo. Mpini wa ufito ni mwembamba mno, na kitu chembamba unakibana zaidi bila kujijua. Nimekata sponji ya mabega ya koti, nikauviringishia mpini, nikaufunga kwa utepe wa kupindia nguo. Umenenepa kama muhogo. Umeongezeka gramu nane na unashikika kwa kiganja kilicholegea. Fundi Rili alipouona aliniuliza kama ninashona na vya wengine.

Jumamosi, 15 Juni

Upepo. Sifuri.

Jumamosi, 22 Juni

Besi watatu! Wadogo, mkubwa wao gramu mia nne, lakini watatu, na kwenye mashua zote hakuna aliyepata zaidi ya mmoja.

Nadhani naanza kuelewa. Maji yameshuka, yamekuwa maangavu kama dirisha, na besi wamejibana kwenye kivuli cha mnara wa bomba la kuvutia maji, kule katikati ya bwawa. Wenzangu wanawatupia vyambo vizito vinavyotua kwa kishindo, nao wanatawanyika. Mnyoo wangu wa gramu tatu unatua bila kelele, unashuka polepole, na yule mwenye mdomo mpana anaufuata kwa udadisi mpaka anajisahau. Nilichokichagua kwa ajili ya maradhi yangu ndicho wanachokitaka samaki. Sikumwambia mtu. Nilikunywa chai yao nikiwa nimefunga mdomo, na muoka mikate, saa nne ilipofika, alisema neno moja tu: "Ona."

Jumatano, 26 Juni

Daktari kasema nipumzike. Nimemuuliza anamaanisha nini kwa kupumzika. Kabadilisha mazungumzo.

Jumamosi, 29 Juni

Acha niandike kabla sijalia tena.

Saa tatu asubuhi, ubavuni mwa mnara, mshipi ulisimama katikati ya maji kama umenasa kwenye gogo. Kisha gogo likaondoka. Breki ikaanza kuimba, ufito ukapinda mpaka mpini, na mimi, nilivyofundishwa, nikamwachia. Akaenda. Akarudi. Akaruka mara moja juu ya maji, nami na muoka mikate tukamwona wote, tumbo jeupe, mdomo ungemeza ngumi yangu. Kilo mbili, pengine na ushei. Muoka mikate akasimama na wavu mkononi akisema "taratibu, taratibu, dada, taratibu," maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia kwa mwezi. Mkono hauumi. Nataka liandikwe hili: mkono haukuuma. Samaki alikuwa mita mbili kutoka kwenye wavu nilipohisi kitu kimelegea, kwa upole, bila hata kushtua. Ufito ukanyooka. Maji yakajifunga.

Nilikaa kwenye sakafu ya mashua kama mtoto.

Bandani kila mtu alikuwa ameshaona kwa mbali. Kaka akaja, akanishika bega, na sauti yake ilikuwa ya huruma, ndicho kilichoniwasha. "Mdogo wangu, si kosa lako. Hicho kijiti hakiwezi besi mkubwa. Ungekuwa na ufito wa maana tungekuwa tunapima sasa hivi."

"Ungekuwa ufito wako ningeshausalimisha majini saa moja asubuhi."

"Umevunjikiwa, kubali."

"Kimevunjika nini? Nionyeshe."

Hakuna kilichovunjika, kwa kweli. Ufito mzima. Nikavuta ncha ya mshipi nimtie ulimi puani, kisha nikaisogeza karibu na jicho. Mshipi ukikatika kwa nguvu, ncha inakuwa fupi na kavu. Ncha yangu ilikuwa imejikunja mikunjo midogomidogo, kama uzi uliofumuliwa kwenye pindo. Mshipi haukukatika. Fundo lilifumuka. Fundo langu mimi, niliyekula kwa mafundo miaka thelathini na mitano.

Jumapili, 30 Juni

Nimekesha na swali, nimeamka na jibu. Nta.

Kila uzi wa kushonea kwa mkono naupitisha kwenye kipande cha nta kabla ya kuupiga fundo. Mama alinifundisha hivyo, mikono inafanya yenyewe. Na juzi, nilipofunga ndoana mezani pangu pa kazi, mikono ilifanya yenyewe. Uzi wa pamba ukiupaka nta unashikana. Huu mshipi ni nailoni, unateleza wenyewe hata kabla hujausaidia.

Nimefunga mafundo mawili kwenye mpini wa pasi, moja lenye nta, moja nimelilowesha kwa mate tu, tukavuta, mimi upande huu, mume wangu upande ule. La nta likateleza likatoka na mikunjo ileile. La mate lilishika mpaka pasi ikahama meza.

"Kwa hiyo ufito ulikuwa sahihi," mume wangu akasema.

"Ufito ulikuwa sahihi. Mshonaji ndiye mjinga."

Nimejitukana vya kutosha. Nta nimeifungia kabatini. Vyambo vyote nimevifunga upya, kimoja kimoja, kwa mate. Zimebaki Jumamosi nne.

Jumamosi, 6 Julai

Mvua. Chama kimekatazwa kuingia majini. Nimebaki kwenye kibaraza nikiyatazama mawingu kama yana deni langu.

Jumamosi, 13 Julai

Sifuri. Maji yamechafuka.

Kaka kapima mwingine, kilo moja na mia moja. Huyu wa pili. Nimeona leo kwamba hata chupa ya chai anafunguliwa na Msumari, na mashua anafungiwa na Msumari. Cheo kimempanda kichwani. Bado kidogo atatafuniwa.

Jumatano, 17 Julai

Mke wa kaka kapita kuchukua gauni. Nimemuuliza kaka hajambo? "Hajambo," akasema, na akaangalia pembeni. Sijui wamegombana.

Jumamosi, 20 Julai

Gramu mia nane na kumi! Nimepumua kidogo. Msumari akasema, "Shangazi, mwongezee chumvi afike kilo." Nimemwambia chumvi nimewaachia wao kwenye hadithi zao. Lakini nilipofika nyumbani kiburi kiliniishia. Nimebakiwa na siku moja, na naogopa. Miaka ishirini na miwili, halafu daftari na birika.

Jumamosi, 27 Julai

Siku ya mwisho ya msimu, wenza wa mashua hupangwa kwa kura, ndiyo desturi yetu. Muoka mikate akaangukia kwa Msumari. Mimi nikaangukia kwa kaka.

Tulipiga makasia bila kusema. Yaani nilipiga mimi zaidi, nikadhani anafanya uwenyekiti. Nikampeleka mnarani nilipotaka mimi. Yeye akatoa ufito wake mnene, ndugu wa ule wangu wa zamani, akarusha mara moja, akaulaza mapajani kwa muda mrefu. Akarusha tena. Mara ya tatu besi alimvamia kwa bahati tu, na kaka akapiga ufito juu kumnasa, na akashika mkono wa rili, na mkono haukuzunguka.

Nilimwona akijaribu. Vidole vilikuwa vimevimba vifundo vyote, vyekundu, vimegoma kufunga. Alijaribu kusukuma kwa kiganja. Alijaribu kwa kiwiko, Mungu wangu, kwa kiwiko. Samaki akajitikisa mara mbili akaenda zake. Kaka akabaki anatazama maji.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka jana mwishoni."

"Na wale besi wawili wa msimu huu?"

"Alivua Msumari. Nilimwambia aseme ni wangu."

Nilitaka kumrukia. Wiki nane! Wiki nane ananipumzisha mimi, ananisomea kanuni ya tisa, na yeye hawezi kufungua chupa ya chai. Nilifungua mdomo nimpe yote. Lakini alikuwa ameficha mikono kati ya magoti, vile alivyokuwa akiificha tukiwa wadogo akisubiri fimbo za mwalimu, na nikaona kwamba ile fremu aliitengeneza kwa hofu yake mwenyewe. Mimi nilikuwa kioo, na alitaka kukigeuza ukutani.

"Kaa mbele," nikamwambia. "Shika wavu. Nina kazi."

Nilirusha mpaka saa sita na nusu. Bado nusu saa kengele ya kufunga ilie. Mnyoo ulikuwa unashuka kwenye kivuli, mshipi ukasogea pembeni bila sababu, nikapiga. Hakuwa yule mkubwa, lakini alikuwa mzito, na safari hii fundo lilikuwa la mate. Nikamwachia, nikamkunja, nikamwachia. Kwenye mita za mwisho kifundo kilikufa ganzi, nikabana mpini kwapani nikaendelea na kushoto. Kaka akapitisha wavu kwa mikono miwili iliyofungana, akambeba. Tulipiga kelele wote wawili kama hatuna akili.

Bandani wote walikusanyika. Kaka ndiye anayesoma mizani. Akamning'iniza, akausubiri mshale utulie, akasema kwa sauti ya mkutano, "Kilo moja!"

Makofi. Muoka mikate akanikumbatia. Lakini mimi ni fundi, maisha yangu yote nasoma vistari vidogo kwenye utepe, na nilikuwa nimesimama karibu.

"Soma tena, kaka."

"Kilo moja, mdogo wangu. Tumemaliza."

"Soma kilichopo."

Alininong'oneza, "Ni gramu arobaini tu. Nakuomba."

"Sikuvua wiki nane uje unipe sadaka ya gramu arobaini." Sikunong'ona. "Andika mia tisa na sitini."

Kaka akanitazama, kisha akaandika. Niliona kalamu inavyomtesa, kila tarakimu kama anachonga jiwe. 960. Kwa kanuni ya tisa niko nje, na imeandikwa na mkono wa kaka yangu.

Halafu hakufunga daftari la chama. Akarudisha kurasa nyuma, polepole, akachora mstari juu ya jina lake, tarehe 8 Juni. Akafungua ukurasa mwingine, akachora tena, tarehe 13 Julai. "Hawa wawili ni wa Msumari," akasema. "Mimi msimu huu sijavua kitu." Akainua mikono yake mbele ya wote, wakaiona.

Msumari alilia. Nilifikiri mimi ndiye ningelia, lakini nilikuwa namwachia besi wangu majini, nikimshika tumboni mpaka apate nguvu. Alipopata aliondoka bila kuaga.

Jumatatu, 29 Julai

Kaka kaja asubuhi chumbani pangu pa kushonea, na ule ufito wake mnene begani. Nikamwambia huo auache nje.

"Chama kimetuondoa mashuani wote wawili," akasema, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Nimewaambia wachague mwenyekiti mwingine."

"Bwawa si la chama. Ukingoni kila mtu anavua."

"Kwa mikono gani?"

Nilizima cherehani, nikamchukua kwa Fundi Rili. Nilimfanya afumbe macho katikati ya duka, mtu mzima na koti lake, nikawa namlazia ufito mmoja mmoja kidoleni. Wa kwanza akasema mzuri. Nikamwambia anadanganya, kidole gumba kimekunja uso. Wa pili akasema anauona mwepesi, nikamwambia sikuuliza wepesi. Wa tatu akaufumbata kabla sijamwambia, kidole kimoja kimoja. 

"Mkono unauma?" nikamuuliza.

"Unauma."

"Lakini?"

"Lakini ufito huu unashikika."

Nikamwambia Fundi aufunge, na nikamwambia kaka kesho saa kumi na mbili avae sweta, ukingoni kuna baridi.